Fimbo za kupandia mlima kwa mtu wa Mombasa: tazama kibano kwanza, gramu baadaye

Matangazo ya fimbo nyepesi za kupandia mlima hupiga ngoma moja tu: gramu. Jozi hii ina gramu 500, ile 400, nyingine imeshuka karibu na 300 na bei yake imepaa. Kwa anayeishi bara, kwenye hewa kavu, hesabu hiyo ina maana yake. Kwa anayeweka vyombo vyake Tudor, Kizingo au Bamburi, mahali ambapo bawaba za dirisha huota kutu huku unaziangalia, swali la kwanza ni jingine kabisa. Baada ya miezi minne kabatini, je, fimbo itafunguka? Na ikifunguka, itakubali kukaza?

Tathmini hii ni ya fimbo za kurefusha na za kukunja, aina zote tatu zinazouzwa, kwa mtu anayeanzia safari zake Mombasa: Shimba Hills kwa siku moja, Kasigau na milima ya Taita kwa wikendi, Kilimanjaro akishajikusanya. Tuitoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. Nunua alumini, vipande vitatu, vibano vya nje vya kukazia vipande hivyo, mpini wa koki au sponji, na kofia za mpira za akiba za kuvika ncha. Kaboni ni nzuri, lakini si ya kuanzia kwa mtu wa hapa. Zile za kufuli ya kuzungusha ziache dukani hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Na tusizichanganye na bakora. Bakora ya mzee wa Mji wa Kale husimama wima, kiganja kikiwa juu ya kichwa chake, ikabeba mwili. Fimbo ya mlima hufanya kazi ikiwa imelala mshazari, na uzito hupita kwenye mkanda wa mkono kabla haujafika vidoleni. Ndiyo maana huuzwa mbili mbili, na ndiyo maana anayeshika moja tu hapati faida yake yote.

Kufuli ndiyo fimbo

Ondoa rangi na maandishi, fimbo ya kurefushwa ni mabomba mawili au matatu yanayoingiana. Kinachozuia bomba la chini lisizame ndani ya la juu unapoliegemea ni kitu kimoja kati ya vitatu, na hapo ndipo ubora wote ulipo.

Aina ya zamani ni kufuli ya kuzungusha. Ndani ya bomba mna koni ndogo ya plastiki iliyopandwa kwenye skrubu. Ukizungusha kipande cha chini, skrubu huisukuma koni, nayo hutanuka ikabana kuta za ndani. Kwa nje hakuna kinachojitokeza cha kunasa kwenye miiba, na kiwandani ni rahisi kutengeneza, kwa hiyo fimbo nyingi za bei ya chini zisizo na jina huja hivi. Tatizo ni kwamba kila kitu kimefichwa. Unyevu wenye chumvi ukishaingia haupati pa kutokea. Alumini huota unga mweupe, na koni hukamata unga badala ya kukamata bomba. Mwenye fimbo huona inateleza, akazungusha kwa nguvu zaidi, na hapo moja kati ya mawili hutokea: koni hupasuka, au inabana kiasi kwamba watu wawili wanavutana kama kamba ya ngalawa bila kufungua. Jasho la mikono nalo haliisaidii kazi hii.

Kuna kasoro nyingine ya kufuli hizi ambayo wengi hudhani ni uharibifu: unazungusha, unazungusha, wala haikazi. Mara nyingi koni imerudi mwanzo wa skrubu na haigusi kuta. Chomoa kipande chote, itanue koni kwa vidole hadi iingie kwenye bomba kwa kusugua kidogo, kisha irudishe na ukaze. Itashika siku hiyo.

Aina ya pili ni kibano cha nje, na hii ndiyo tunayoisifu. Kinafanya kazi kama kile kinachokaza kiti cha baiskeli: unafungua mkono mdogo, unavuta bomba hadi alama unayotaka, unafunga. Kampuni ya Black Diamond inakiita FlickLock na ya Leki inakiita SpeedLock, lakini wazo ni moja, na fimbo nyingi za bei ya wastani zimeliiga vizuri. Ubavuni mwa kila kibano kuna skrubu ya kurekebisha kani. Kikilegea, unaikaza robo mzunguko, unajaribu, unaongeza robo nyingine ikibidi. Kipimo chake ni kidole gumba: kibano kifunge kwa gumba kikiwa na ukinzani wa wastani. Kikifunga bila kuhisi chochote, fimbo itazama. Kikitaka kiganja kizima, umekaza mno, na kwenye kaboni hilo linaweza kupasua bomba. Baadhi ya skrubu hizi hutaka bisibisi ya nyota, nyingine spana ndogo ya alenki, nyingine zimewekewa gurudumu la kukaza kwa vidole. Hizo za vidole ndizo bora, kwa sababu bisibisi husahaulika nyumbani siku ileile inayohitajika.

Faida kubwa ya kibano, hata kuliko wepesi wake, ni kwamba unaona. Mchanga ukiingia unauona. Kutu ya skrubu unaiona. Unaweza kukifunga ukiwa umevaa glavu saa tisa za usiku kwenye baridi ya Kilimanjaro, jambo ambalo kufuli ya kuzungusha haitakuruhusu.

Aina ya tatu ni ya kukunja, vipande vikishikwa na kamba ya ndani kama nguzo za hema. Unavuta, kamba inakaza, kifungo kidogo cha chuma kinaruka nje na kushika. Ikikunjwa huwa na sentimita 35 hadi 40, inaingia ndani ya begi lolote, wakati ile ya vipande vitatu haishuki chini ya 60 na kitu. Kwa anayesafiri kwa matatu kutoka Voi hadi Wundanyi, begi likiwa mapajani, tofauti hiyo si ndogo. Lakini soma maelezo kabla ya kulipa: nyingi za kukunja ni za urefu mmoja tu, hazirekebishwi, na zile zinazorekebishwa huwa na nafasi ya sentimita 15 au 20 pekee kwenye kipande cha juu. Kifungo chenyewe ni kidogo na springi yake ni ndogo zaidi. Mchanga wa pwani na chumvi ni maadui zake, na kamba ikikatika katikati ya safari una vijiti vitupu mkononi.

Neno moja kuhusu fimbo zenye springi ya kupunguza mshtuko: usizilipie. Springi huongeza uzito, hulia kila hatua, hunyonya sehemu ya nguvu unaposukuma kupanda, na kwa hewa yetu ni kipande kingine cha chuma kinachosubiri kutu.

Alumini, kaboni, na chumvi

Alumini nzuri ya fimbo huandikwa namba 7075. Ni mchanganyiko wenye zinki, na ni imara kuliko 6061 ya fimbo za bei nafuu, kwa hiyo bomba linaweza kufanywa jembamba bila kupinda ovyo. Wauzaji hawasemi upande wa pili: 7075 ina shaba ndani yake, na huvumilia chumvi vibaya kuliko 6061. Kinachoilinda ni ile ngozi ya rangi iliyotengenezwa kwa umeme juu yake. Ngozi ikikwaruzwa, na mchanga unaokwama kati ya mabomba hukwaruza kila unaporefusha na kufupisha, unga mweupe huanzia hapo. Namba kubwa, basi, si kinga. Kinga ni kukausha, tutakuja huko.

Kaboni haioti kutu. Hilo ni kweli, na wauzaji hulisema kwa sauti. Lakini ni fimbo chache za kaboni ambazo ni kaboni tupu. Nyingi zina kipande cha chini au viungio vya alumini, na kaboni ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa haraka zaidi kuliko ingekuwa peke yake. Ni kama betri ndogo, na anayelipa ni alumini. Fimbo ya namna hiyo ikiachwa imefungwa mwezi mzima baada ya kuloa inaweza kugandamana kabisa pale kaboni inapokutana na alumini.

Halafu kuna namna ya kuvunjika. Alumini ikibanwa kati ya mawe mawili hupinda, unaitazama, unaendelea nayo. Kaboni hupasuka ghafla, hasa ikiwa imeshapata jeraha dogo la jiwe ambalo halionekani vizuri. Kasigau ina majabali na mizizi ya kutosha kuumeza mguu wa fimbo mara kumi kwa safari moja. Faida ya kaboni ni gramu 100 hadi 150 kwa jozi, chini ya uzito wa simu iliyo mfukoni mwako. Kwenye safari ya siku saba mikono huihisi tofauti hiyo, hatukatai. Kwa matembezi ya Shimba Hills huihisi pochi tu.

Kwa upimaji wa haraka: jozi ya alumini ya vipande vitatu iwe kati ya gramu 450 na 600. Ikizidi hapo, huenda bomba ni nene kwa sababu alumini ni duni. Ikiwa chini ya 400 na imeandikwa alumini, tazama maandishi vizuri, huenda ni uzito wa fimbo moja tu, si wa jozi.

Mpini una aina tatu. Wa mpira mgumu hufaa baridi. Kwa joto la Pwani huteleza kwa jasho na kutoa malengelenge. Sponji, laini kama soli ya ndara, ni nyepesi na hunyonya jasho, lakini isiposuuzwa hunuka na baada ya muda huchanika. Koki, ile ya vizibo vya chupa, hukubali umbo la kiganja, haishiki unyevu sana, na ndiyo tunayoipa kura kama bei inaruhusu. Tafuta mpini ambao sponji yake inashuka sentimita 15 au zaidi chini ya mpini wenyewe. Penye mlima mfupi mkali unashika hapo chini badala ya kusimama kufupisha fimbo.

Urefu na mkanda

Zidisha urefu wako kwa 0.68. Mwenye sentimita 165 hupata 112, mwenye 180 hupata 122. Kisha thibitisha ukiwa umevaa viatu vya safari: ncha ikiwa chini kando ya mguu, kiwiko kifanye pembe ya mraba. Kupanda mlima, punguza sentimita 5 hadi 10. Kuteremka, ongeza kiasi hichohicho. Mlima wa kukata kwa ubavu, fimbo ya upande wa juu iwe fupi kuliko ya upande wa bonde. Kwa watu wengi, fimbo inayotoka 65 hadi 135 inatosha. Mwenye chini ya sentimita 150 atafute iliyotengenezwa fupi.

Kwenye fimbo ya vipande vitatu, toa cha kati na cha chini kwa kipimo sawa. Mtu anayetoa kimoja chote na kuacha kingine ndani amefanya kiungo kimoja kibebe kazi ya viwili. Na kuna mstari umeandikwa STOP kwenye kila bomba. Si pambo. Ukiupita, sehemu iliyobaki ndani ni fupi mno na fimbo hukatikia hapo.

Mkanda ndio unaokosewa na karibu kila mgeni. Mkono uingie kutoka chini kwenda juu, kisha ushuke na kushika mpini pamoja na mkanda, ili mkanda upite kati ya gumba na kidole cha shahada. Hapo kifundo cha mkono ndicho kinachosukuma na vidole vinapumzika. Anayeingiza mkono kutoka juu hushika kwa nguvu siku nzima na jioni hulalamikia mikono badala ya miguu. Ila penye majabali ya kupanda kwa mikono, au penye mizizi minene, toa mikono kwenye mikanda kabisa. Ukianguka ukiwa umefungwa, gumba huvutwa nje na kano yake huumia, na fimbo ikinasa huku unaendelea mbele, ama inavunjika ama inakuvuta.

Njia zetu, na fimbo inafanya nini huko

Shimba Hills, kwenye maporomoko ya Sheldrick yenye mita 21, njia hushuka kwenda na kupanda kurudi, jambo linalowashangaza wanaozoea kuanza kwa kupanda. Udongo ni wa kichanga wenye majani makavu juu, na majani hayo huteleza kama ganda la ndizi. Weka kisahani kidogo juu ya ncha ili fimbo isizame, na vaa kofia za mpira kwenye sehemu ngumu, kwa sababu chuma kikigonga jiwe hulia mbali na unatembea na askari wa wanyamapori kwenye makao ya tembo. Fimbo hapa ni msaada mzuri, si lazima.

Kasigau ndiyo mahali jozi hii inapolipa gharama yake. Kilele kina mita 1,641, na kutoka nyikani, upande wa Rukanga au Bungule, unapanda takriban mita 1,000 kwa mteremko usio na huruma. Chini ni kichaka kikavu cha miiba. Juu ni msitu wa mawingu, majabali yenye kuvu la kijani na mizizi iliyolowa. Kofia za mpira zitoe mara tu unapoingia msituni. Mpira juu ya jiwe lenye kuvu ni sabuni. Ncha ya kabaidi, ile ngumu sana ya fimbo yenyewe, huuma. Kurudi ndiko kunakoumiza magoti, na hapo refusha fimbo, tanguliza ncha mbele ya mguu, na mguu ufuate. Mwaka 1999 watafiti wa Salzburg, Austria, walipima nguvu zinazoingia gotini kwenye mteremko wa nyuzi 25, wakakuta fimbo zinapunguza nguvu hizo kwa asilimia 12 hadi 25. Mteremko wa Kasigau unaufahamu utafiti huo bila kuusoma.

Vuria, kilele cha juu kabisa cha Taita chenye mita 2,208, ina barabara hadi kwenye minara, kwa hiyo fimbo ni hiari. Msitu wa Ngangao ni mwingine: udongo mwekundu wa mfinyanzi, na wakati wa masika au vuli hugandamana kwenye kisahani hadi fimbo inakuwa na uzito wa jembe. Hapo afadhali uondoe kisahani, uvumilie ncha kuzama kidogo, na uikung'ute kila baada ya hatua chache.

Kilimanjaro, kupitia Voi, Taveta na Holili, fimbo si anasa. Siku ya kilele kwa njia ya Machame unashuka kutoka mita 5,895 hadi kambi ya Mweka iliyo karibu na 3,100: karibu mita 2,800 za kuteremka ndani ya siku moja, sehemu ya juu ikiwa changarawe inayokimbia chini ya viatu. Wapagazi na waongozaji huziita stiki, na kampuni nyingi Moshi hukodisha. Ukikodi, jaribu kila kibano kabla ya kuondoka mjini, si langoni.

Ufukweni usizipeleke. Kwenye mchanga tambarare wa Nyali hazipunguzi chochote, huongeza tu mapigo ya moyo kwa kuwa mikono nayo inafanya kazi, na mwamba wa matumbawe una vishimo vinavyomeza ncha na kuikata. Isitoshe unazipeleka penyewe penye chumvi. Na kwenye feri ya Likoni kila mtu atakupisha akidhani mguu unauma.

Ukiwa dukani

Usinunue fimbo ambayo hujaiegemea. Ivute hadi urefu wako, funga vibano, weka ncha kwenye kitu kisichoteleza, halafu bonyeza mpini kwa mikono miwili ukiuongezea mwili polepole. Ikizama hata milimita chache, kaza skrubu robo mzunguko na urudie. Ikizama tena, irudishe. Fungua na ufunge kila kibano mara kumi. Kilicho kibovu huanza kulegea kabla ya mara ya kumi. Chomoa vipande vyote, tazama ndani kwa tochi ya simu kama kuna unga mweupe, kwa sababu fimbo iliyokaa kwenye ghala la Pwani inaweza kuwa imeanza kuliwa kabla hujailipia. Ncha iwe ya chuma kigumu, si plastiki iliyopakwa rangi: ikwaruze kwenye sakafu ya saruji. Hakikisha alama za sentimita zimechongwa au kuchapwa vizuri, maana za kubandikwa hutoka kwa jasho wiki ya kwanza na baada ya hapo unakisia.

Kwenye mitumba ya Kongowea, ukibahatika, angalia usiuziwe fimbo za kuteleza kwenye theluji. Nyingi hazina kiungo, hazirefuki, na visahani vyake ni vikubwa kama vya chai.

Uliza kofia za mpira za akiba. Zile za fimbo hizi huingia kwenye ncha ya milimita 11 au 12. Mpira wa mkongojo unaouzwa duka la dawa ni mpana mno, utavuka mtaa mmoja tu kabla haujabaki nyuma.

Baada ya safari

Hapa ndipo fimbo nyingi za Mombasa hufia. Ukifika nyumbani, chomoa vipande vyote vitatu. Usivifunge tena usiku huo. Suuza kwa maji ya bomba au ya mvua, si ya kisima, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina chumvi na utakuwa umeosha chumvi kwa chumvi. Futa ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kisha simamisha vipande kivulini, mdomo chini, hadi asubuhi. Jua kali huharibu sponji na plastiki ya vibano, na buti la gari ni baya kuliko jua.

Kama unga mweupe umeshaanza, usugue kwa mswaki mkavu. Pale palipogandamana tumia msasa laini sana, kidogo, maana unaondoa pia ngozi ya kinga. Kisha futa vumbi lote.

Usitie mafuta. Fundi atakuambia utie, kwa nia njema, kwa sababu kila kitu kingine kinachokwama hutiwa mafuta. Kibano na koni hushika kwa msuguano, na mafuta huua msuguano. Fimbo itafunguka vizuri sana, hata usipotaka. Tone moja kwenye uzi wa skrubu ya kibano linaruhusiwa, likifutwa mara moja lisifike kwenye bomba.

Hifadhi fimbo ikiwa imelegezwa, vibano vikiwa wazi, vipande visigusane sana, na vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vikiwa karibu. Kila mwezi mmoja wakati wa kusi, zitoe na uzisogeze. Dakika mbili zinatosha.

Kwa matengenezo ya njiani, zungushia mita moja ya tepu ngumu chini ya mpini kabla hujaondoka. Alumini ikipinda kidogo, inyooshe mara moja tu, polepole, juu ya goti. Usiirudishe tena na tena, itakatika. Ikipindia ndani ya kiungo, iache ilivyo na usijaribu kuifupisha. Kaboni ikipasuka, weka kigingi cha hema kando ya ufa na ufunge kwa tepu juu na chini. Itakufikisha barabarani, si kileleni.

Ncha ikiisha, na kwenye mawe ya Taita huisha, haihitaji fimbo mpya. Chovya ncha ya zamani kwenye maji yaliyochemka kwa dakika moja au mbili, plastiki italainika, ishike kwa koleo na uivute huku ukizungusha. Safisha bomba, sukuma mpya kwa mkono kadiri itakavyoingia, kisha gonga fimbo wima juu ya kipande cha mbao mara tatu au nne. Usitie gundi, la sivyo ncha inayofuata utaitoa kwa msumeno.